Quad 33 ya marehemu babu inavuma na upande wa kushoto umefifia, nianzie wapi?

Mwana_Magomeni

Wakuu salaam. Nimeleta mgonjwa, mnivumilie kwa urefu wa maelezo.

Babu mzaa mama alikuwa karani bandarini miaka ya 1970. Mwingereza mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao alimwuzia seti nzima ya muziki: priampu Quad 33 (chombo kinachopokea na kuandaa sauti kabla ya amplifaya), amplifaya Quad 303, pleya ya santuri na spika mbili za kimo cha mtoto wa chekechea. Sisi tumekua tukiviona vyombo hivyo juu ya kabati vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye ruhusa ya kuvigusa alikuwa babu peke yake, Jumapili baada ya chakula, anapiga santuri zake za Western Jazz na Dar es Salaam Jazz huku amefumba macho. Babu alipotutoka kitambaa kikabaki pale pale, vyombo vikalala miaka 9.

Mwezi uliopita bibi akaniambia, "Chukua wewe unayependa mambo ya nyaya." Nikachukua, nikafuta vumbi, nikachomeka, nikawasha. Sasa hali ndiyo hii.

Kwanza kuna mvumo, mmmmm, spika zote mbili. Nikirudisha voliumu hadi mwisho haupungui hata kidogo. Pili, upande wa kushoto muziki unasikika kwa mbali kama redio ya jirani, na juu yake kuna shhhh kama mvua kwenye bati. Hiyo shhhh nikiongeza voliumu nayo inapanda. Tatu, nikigusa vitufe au kuzungusha voliumu inakwaruza.

Nina multimita ya kawaida, chuma cha kulehemu na moyo. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne. Nianzie wapi?

FundiMwendokasi

Mkuu usiumize kichwa. Chombo cha umri huo kapasita zote (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) zimeshakufa. Toa zote weka mpya, na transista zote (vipuri vinavyokuza sauti) ukiweza, halafu washa. Kazi ya siku moja. Mimi ndivyo ninavyofanya na wateja wanarudi kunishukuru.

Mpita_Njia

Sabufa ya Bluetooth ipo Kariakoo kila kona. Hicho wape makumbusho, tusidanganyane 😂

MzeeSanturi

Kijana wa Magomeni, pole kwa babu.

Kabla ya yote: umekosea kuwasha chombo kilicholala miaka 9 kwa kukichomeka ukutani moja kwa moja. Kapasita za maji (hizi zenye chanya na hasi) zikikaa muda mrefu bila umeme ule utando wa ndani unaozuia mkondo unadhoofika, na ukizigonga volti zote kwa mpigo zinaweza kupasuka. Bahati yako ilikuwa kubwa. Sasa chomoa, usiwashe tena mpaka tufike huko.

FundiMwendokasi, sikupingi kwa ubaya, lakini ukitoa kila kitu ukaweka kila kitu, halafu chombo kikawa bado kinavuma, utajua kosa ni la zamani au ni lako? Nimepokea mashine nyingi za namna hiyo mezani kwangu tangu nianze kazi hii Mtaa wa Msimbazi mwaka 1978. Zote zimebadilishwa vipuri vipya na zote zina makosa mawili: lile alilolileta mwenye mali na lile aliloongeza fundi.

Quad 33 ni chombo cha kumwonea raha mtu anayejifunza. Ilitoka Uingereza, Huntingdon, mwaka 1967 pamoja na hiyo 303. Ndani bodi zake zimechomekwa kwenye soketi, unazichomoa kama vitabu rafuni. Lakini raha kubwa ni kwamba ni stirio. Una vyombo viwili vinavyofanana ndani ya boksi moja, na kimoja kizima. Upande wa kulia unapiga vizuri? Basi huo ndio mwalimu wako. Kila utakachopima kushoto, pima na kulia. Pale vipimo vinapoachana ndipo alipojificha mwizi.

Sasa angalia dalili zako, maana umezieleza vizuri kuliko mafundi wengi. Mvumo haubadiliki na voliumu: unaingia baada ya voliumu au unapita kwenye laini ya umeme inayolisha kila bodi. Shhhh inabadilika na voliumu: inazaliwa kabla ya voliumu. Kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti, usitafute dawa moja. Kukwaruza ni uchafu, hilo la mwisho.

Kazi ya kwanza haina kufungua kitu. Badilishana nyaya za spika, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kisha nenda kwenye kichwa cha pleya, kuna vijiwaya vinne: nyeupe na buluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia. Vibadilishane pia, kwa koleo ndogo na mkono mtulivu, pleya ikiwa haina umeme. Halafu utuletee majibu.

Mwana_Magomeni

Shikamoo mzee. Nimenyamaza kama nimemwagiwa maji. Swali: nitajaribuje bila kuwasha?

MzeeSanturi

Marahaba. Tengeneza balbu ya kinga. Tafuta balbu ya zamani ya waya, wati 40 inatosha kwa priampu, uiunge mfululizo kwenye waya wa moto unaoenda kwenye chombo. Balbu ikipepesa kidogo kisha ikafifia au ikazima, ndani hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu, zima, kuna kitu kinakula umeme wote. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii. Tena iweke kwenye holda iliyofungwa vizuri juu ya ubao, isining'inie hewani, maana hiyo ni volti 230 na haijui kuwa wewe ni mwanafunzi.

dada_Solda

Naongezea tu. Kwa priampu sehemu inayoua ni ndogo lakini ipo: plagi, fyuzi, swichi na upande wa kuingilia wa transfoma. Baada ya transfoma volti ni ndogo. Ukifungua kifuniko zifunike kwanza sehemu za volti kubwa kwa tepu au kipande cha plastiki, ndipo uanze kupima huku kingine. Na pima kwa mkono mmoja, mwingine nyuma ya mgongo. Mimi nafanya kazi hii Kinondoni, bado naweka mkono mgongoni.

Pia nyuma ya 33 kuna kibodi kidogo cha mraba cha ingizo la santuri, kinachomekwa kwa pande nne tofauti kulingana na aina ya sindano. Hakikisha kimekaa upande wa sindano ya sumaku.

Kigamboni_Kwetu

Naweka kiti hapa. Nina amplifaya ya Kijapani yenye mvumo kama huo huo.

Mwana_Magomeni

Majibu (balbu ilipata shida, nimezunguka maduka sita ya Ilala wananiuzia LED, mwisho nimeitoa kwenye taa ya zamani ya sebule ya bibi).

Balbu ilipepesa ikafifia. Kibodi cha mraba kimekaa sawa. Nilipobadilisha nyaya za spika, ule udhaifu ulihamia spika ya kulia, kwa hiyo spika ni nzima. Nilipobadilisha vijiwaya vya kichwa cha pleya hakuna kilichohama, bado ni chaneli ya kushoto. Kwa hiyo sindano nayo nzima?

MzeeSanturi

Sindano nzima, ila waya wa mkono wa pleya bado hatujauthibitisha kwa kipimo hiki. Tunaowashuku zaidi sasa ni 33 na 303. Una spika ndogo za kompyuta zenye amplifaya yake ndani? Chukua sauti kwenye tundu la kutokea la 33, upeleke huko, 303 uiache pembeni ipumzike.

Mwana_Magomeni

Nimefanya. Kushoto bado dhaifu na shhhh ipo. Mvumo upo pia. Mgonjwa ni 33.

FundiMwendokasi

Siku nne zimepita na hakuna hata kapasita moja iliyotoka. Kwa mwendo huu mteja angeshaondoka.

Mpita_Njia

Mteja ni marehemu mkuu, hana haraka.

MzeeSanturi

😀 Haya, sasa fungua. Usiguse, piga picha kwanza. Kila bodi, kila waya, pande zote mbili. Simu yako leo ni kipuri muhimu kuliko chuma cha kulehemu.

Halafu rekodi ule mvumo kwa simu na utafute programu yoyote ya bure inayochora masafa ya sauti. Nataka kujua mstari mrefu uko 50 au 100.

Sababu yake ni hii. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa 50 kwa kawaida umeokotwa njiani: waya usio na ngao, athi (waya wa ardhini) iliyokatika, transfoma iliyo karibu na kebo. Lakini diodi za ndani zinageuza lile wimbi la chini kulipeleka juu, kwa hiyo baada ya diodi mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kubwa ya chujio ni kuyalaza. Ikikauka hailazi tena. Mvumo wa 100 unakuelekeza kwenye chujio. Mwenye sikio la muziki hahitaji hata programu, 100 ni noti ile ile ya 50 ila imepanda oktava moja.

Mwana_Magomeni

Mstari mrefu uko 100, na mdogo 50. Picha zinapanda polepole, bando.

Halafu mnisamehe, nimekuta mayai mawili ya mjusi na ganda la mende kando ya transfoma. Na pini za zile bodi zina utando mweusi, nyingine za kijani.

Kigamboni_Kwetu

Mayai ya mjusi ni kipuri cha kiwandani kwa vyombo vyote vya Pwani.

dada_Solda

Kijani ni unyevu na chumvi ya bahari. Magomeni si ufukweni lakini Dar yote hewa ni ile ile. Chukua raba ya penseli, ile laini, usichukue ile ya kufutia wino kwa sababu ina mchanga. Futa pini polepole upande mmoja kuelekea nje mpaka zing'ae, kisha pangusa kwa isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie thina, inakula plastiki. Usitumie mafuta ya kopo ya kulainishia bawaba za mlango ndani ya voliumu, yanaacha utelezi unaokusanya vumbi. Kuna dawa ya kopo mahsusi kwa swichi na voliumu za elektroniki, hiyo ndiyo ununue. Puliza kidogo, zungusha mara 20 au 30, iache ikauke kabisa kabla ya umeme.

MzeeSanturi

Fanya hivyo. Kisha pima laini ya umeme inayolisha bodi: kwanza DC (umeme wa upande mmoja), halafu weka mita kwenye AC (umeme wa kupanda na kushuka) pale pale. DC safi inatakiwa AC yake iwe ya milivolti chache tu.

Mwana_Magomeni

AC kwenye laini ni volti 1.2! Nimepima mara tatu. Kukwaruza kumepungua karibu kote baada ya raba na dawa. Mzee, nikiri kitu, nilidhani raba ni utani.

MzeeSanturi

Volti nzima na ushee ya mawimbi kwenye chakula cha priampu, ndiyo mvumo wako huo. Sasa FundiMwendokasi apate haki yake: toa kapasita ya chujio. Ile peke yake kwanza.

Risasi ya kawaida ya 60/40 inayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, lakini ncha ya chuma iwe kati ya 320 na 350 ili uingie na kutoka upesi. Bodi za zamani njia zake za shaba zimeshikwa na gundi iliyochoka. Ukikandamiza sekunde kumi, njia inabanduka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha. Sekunde tatu, pumzika, rudia. Nyonya risasi kwa pampu au utambi wa shaba. Usivute mguu kwa nguvu, ukigoma ongeza risasi mpya kidogo ndipo unyonye tena.

Kununua: mikrofaradi zile zile au zaidi kidogo, volti zisipungue zilizoandikwa. Zikizidi haina shida ila umbo. Chagua ya nyuzi 105, si 85. Hizi zinakufa kwa joto, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 unazopunguza unaongeza umri wake mara mbili. Sebule ya Magomeni mwezi wa pili unaijua mwenyewe. Na mstari pembeni mwa mpya unaonyesha HASI. Usipogeuza hapo nitakununulia soda.

dada_Solda

Na ukinunua, pima kabla hujalehemu. Kuna kapasita zinazovaa koti la jina kubwa na ndani hamna kitu, kapasita ndogo ndani ya kopo kubwa. Kile kimita kidogo cha Kichina cha kupimia vipuri kinatosha. Iliyoandikwa 1000 ikisoma 870 au 1050 ni sawa, ikisoma 300 irudishe.

Mwana_Magomeni

Nimeenda Kariakoo Jumamosi. Duka la kwanza, ya kwanza ilisoma 410 badala ya 1000. Muuzaji akaniangalia nilivyotoa kimita mfukoni kama nimetoa nyoka. Duka la tatu nikapata nzuri.

Nimebadilisha. AC kwenye laini sasa milivolti 4. Nimewasha, ule mvumo mkubwa UMEKWISHA. Bibi alikuwa jikoni akauliza, "Umeme umekatika?"

Lakini bado kuna kamvumo kadogo, ka chini zaidi, na kanatokea nikibonyeza cha santuri tu. Nikishika mkono wa pleya kanabadilika.

FundiMwendokasi

Hiyo ni athi. Kata ile pini ya juu ya plagi, mvumo unaondoka hapo hapo. Nimefanya mara nyingi.

MzeeSanturi

Hapana. Hapa nitakuwa mkali, samahani. Pini ya athi haikatwi. Siku waya wa moto ukigusa boksi la chuma, hiyo pini ndiyo inayounguza fyuzi badala ya kumuunguza bibi anayefuta vumbi. Nimezika jirani kwa jambo la aina hii, sitaendelea.

Mwanangu, ukishika mkono wa pleya kanabadilika kwa sababu mwili wako unafanya kazi ya waya ambao haupo. Angalia nyuma ya pleya, kuna waya mmoja mwembamba uliotakiwa kufungwa kwenye boksi la priampu. Upo?

Mwana_Magomeni

Upo. Umekatika, umefungwa fundo, na kufunikwa tepu nyeusi. Kuna mtu alipita hapa kabla yangu.

Nimeuunganisha. Kimya. Nasikia feni tu.

FundiMwendokasi

Sawa mzee nimekusikia. Ila nyumba nyingi hiyo athi ya ukutani ni pini tu, nyuma hakuna kitu.

dada_Solda

Hilo ni kweli kabisa na ndilo la kurekebisha, kwa fundi wa majumba mwenye leseni, si kwa kukata pini.

MzeeSanturi

Kweli tupu. Sasa twende kwa mgonjwa wa pili, na umeshasema neno zito: kuna mtu alipita kabla yako. Angalia bodi zile upande wa chini. Risasi ya kiwandani imefifia, ya kijivu. Tafuta iliyong'aa au yenye madoadoa ya hudhurungi kuzunguka.

Mwana_Magomeni

Ipo! Sehemu moja, chaneli ya kushoto. Juu yake wenzake wote ni transista za kikopo cha chuma, BC109. Huyu peke yake ni wa plastiki mweusi, bapa upande mmoja, BC549. Upande wa kulia, mahali hapo hapo, kuna BC109 ya chuma.

MzeeSanturi

Pima volti za miguu mitatu ya transista (besi, emita na kolekta), kushoto na kulia, mita ikiwa DC, ncha nyeusi kwenye athi ya sakiti. Andika zote sita.

Mwana_Magomeni

Kati ya besi na tundu la emita, kulia 0.61, kushoto 0.63. Hapo zinafanana. Lakini kwenye tundu la kolekta kulia ni 4.3, kushoto imepanda karibu sawa na laini yenyewe ya umeme.

Nimekwama. Kama besi na emita ni sawa, transista si nzima?

MzeeSanturi

Ahaa. Ngoja ninywe chai kwanza maana hii nimeipenda.

BC109 igeuze miguu juu: kuna kijino kwenye ukingo wa kopo, mguu ulio karibu nacho ni emita, kisha kwa kufuata mwelekeo wa saa inakuja besi, halafu kolekta. BC549 ishike upande bapa ukikutazama, miguu chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Ni ndugu, uwezo mmoja, ila wamevaa viatu tofauti. Angalia yako imekaaje.

Mwana_Magomeni

Mzee… emita iko kwenye tundu la kolekta na kolekta kwenye tundu la emita. Imechomekwa kinyume.

MzeeSanturi

Ndiyo. Na transista iliyogeuzwa hivyo haifi, inafanya kazi vibaya, ndiyo maana huyo fundi alisikia sauti, akafunga kifuniko, akachukua pesa yake. Kati ya besi na kolekta nako kuna kiungo kinachofunguka kwa 0.6 na kitu, kwa hiyo kile kipimo cha haraka kinakudanganya. Lakini ukuzaji unaanguka vibaya, mamia yanakuwa mara chache tu. Inashindwa kuvuta mkondo wa kutosha, kwa hiyo volti ya tundu la kolekta haishuki, inabaki juu karibu na laini. Ndiyo muziki wa jirani uliokuwa unausikia.

Na shhhh? Kiungo cha emita cha BC549 kinavumilia volti 5 tu za kinyume. Kikiwekwa mahali pa kolekta kinapata zaidi ya hapo, kinavunjika kidogo kidogo, na huko kuvunjika ndiko kunakotoa sauti ya mvua kwenye bati. Sindano ya sumaku inatoa milivolti 3 hadi 5 hivi, priampu inaikuza kama mara 100 ndipo ifikie wenzake. Chochote kinachonong'ona mwanzoni kabisa mwa njia kinakuzwa pamoja nayo.

Kwa hiyo usiigeuze ukairudisha. Imeshaumia, itabaki na kelele. Nunua mpya, BC549C au BC550C, uiweke kwa viatu vyake.

dada_Solda

Mzee hapa mimi natofautiana nawe kidogo. Ningebadilisha na ya kulia pia, zote mbili za aina moja, ili kelele za pande mbili zilingane. Ile BC109 ina umri wa babu.

MzeeSanturi

Dada, ile ya kulia imepiga kazi miaka 50 bila kulalamika. Nikiitoa nimempoteza mwalimu. Lakini meza ni yake, aamue.

Mwana_Magomeni

Nimenunua nne, nikazipima, nikachagua mbili. Ila nimeweka moja tu, kushoto. Ya pili nimeibandika kwa tepu ndani ya kifuniko, na karatasi imeandikwa tarehe. Dada usinichukie.

Kolekta ya kushoto sasa 4.2, kulia 4.3. Nimepima tena baada ya saa nzima, hazijahama.

Wakuu inapiga. Pande zote mbili. Gitaa la solo lipo kulia na tarumbeta kushoto, miaka yote hiyo nilidhani zote zinatoka katikati.

FundiMwendokasi

Hongera mkuu. Jumla umetumia kapasita moja na transista moja?

Mwana_Magomeni

Na raba ya penseli. Na kopo la dawa ya swichi ndilo lililokula pesa kuliko vyote.

FundiMwendokasi

Mzee nina amplifaya mezani ina mvumo, nilishabadilisha kapasita zote wiki iliyopita na bado. Nikuletee picha?

MzeeSanturi

Usilete picha. Lete 50 au 100.

Kigamboni_Kwetu

Swali la pembeni. Hiyo 33 naweza kuchomeka simu? Matundu yake ni yale ya duara ya DIN. Kuna jamaa kaniambia ninunue kebo ya MIDI (ya kuunganisha vinanda vya umeme) kwenye maduka ya vyombo vya kwaya, pini tano zile zile.

dada_Solda

Plagi inaingia lakini kebo haifai. Kebo ya MIDI hutumia pini 4, 5 na 2 tu, na kwenye DIN ya muziki kushoto ni pini 3, kulia 5, athi 2. Utapata upande mmoja kisha urudi hapa kutusumbua. Nunua plagi tupu ya DIN uilehemu mwenyewe.

Na ingizo la redio la 33 linatosheka na milivolti 100. Vyombo vya leo vya kuchezea diski vinatoa hadi volti 2, voliumu itafoka ukiifungua robo. Weka rezista mbili kila chaneli, 33k mfululizo na 4.7k kutoka hapo kwenda athi. Volti 2 inakuwa robo volti. Zinatosha ndani ya plagi ukizikunja vizuri.

Mwana_Magomeni

Ninaikopi hiyo.

La mwisho kutoka kwangu. Leo Jumapili nimevirudisha vyombo Magomeni, nimevipanga juu ya kabati lile lile, kitambaa nimekiacha pembeni ili joto litoke. Nikaweka santuri aliyokuwa anaianza nayo babu. Bibi amekaa, hasemi kitu. Dakika ya pili santuri ikaruka, tk, ikarudi, tk. Nikasimama niikimbilie. Bibi akanishika mkono: "Iache, inarukaga hapo hapo tangu mama yako hajazaliwa."

Mzee, hiyo ya kuruka inatibika?

MzeeSanturi

Hiyo si ya priampu, ni mfereji wa santuri yenyewe. Kama bibi kasema iache, iache.